Mshale Uliolala

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale ninapooshea gari, Ilazo, nalalamikia mshale wa gari ambalo sijawahi hata kuligusa.

Upepo wa Julai wa Dodoma mnaujua. Kijana anamwaga maji, anapitisha povu, anasuuza, na kabla hajaokota kitambaa cha kukaushia, vumbi limesharudi kwenye boneti kana kwamba lilikuwa limetoka kujisaidia tu. Ndiyo maana pale watu hukaa muda mrefu, na wakikaa wanaongea. Siku zile mji mzima ulikuwa ukiongelea treni ya umeme iliyokuwa inakaribia kuanza safari za kutoka Dar hadi kwetu. Mimi nilikuwa na simu mkononi, nawaonyesha vijana sura mpya ya Porsche 911, lile gari la michezo la Kijerumani.

"Oneni hapa. Hii geji ya katikati, ya mizunguko ya injini, yenye mshale, imekuwepo tangu gari hili lilipozaliwa. Wameing'oa! Wameweka kioo kama cha televisheni. Hawa watu wameliua gari."

Kijana mmoja akachungulia, povu likiwa limemfika kwenye viwiko. "Mbona bado ni kali tu, kaka?"

"Huwezi kuelewa," nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu hivyo, na sikuona aibu.

Mwisho wa benchi alikuwepo mzee mmoja, dereva mstaafu wa serikali, ambaye kila Jumamosi huleta pikapu yake kuoshwa. Tunamwita Mzee, basi. Alikuwa na kikombe chake cha pili cha kahawa, na nilidhani hasikilizi.

"Mwanangu," akasema, "hilo gari lako wewe, likiwa kwenye silensa, hujakanyaga mafuta, mshale unasimama wapi?"

Nikababaika. "Kama... elfu moja hivi, Mzee."

"Haya."

Akarudi kwenye kahawa yake.

Gari lilipokuwa tayari nikalipa, nikaingia, nikawasha. Injini ikaitika vizuri tu. Nikaitazama dashibodi.

Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

## Nilichokuwa nakililia

Wanaofuatilia mambo haya wanajua kilichotokea, kwa hiyo nitapita haraka. Tarehe 28 Mei 2024 Porsche walizindua sura mpya ya 911, ya kizazi kile kile kilichotoka mwishoni mwa 2018. Si gari jipya. Ni lile lile lililopelekwa saluni likiwa katikati ya umri wake, kama watengenezaji wote wanavyofanya ili wanunuzi wasichoke.

Safari hii lakini saluni ilimalizikia hospitali. Indiketa zimehamishiwa ndani ya taa kubwa. Toleo la GTS limewekewa vibao vya kusimama kwenye bampa ya mbele, vitano kila upande, vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe kutegemea injini inahitaji hewa kiasi gani. Swichi ya kuzungusha wakati wa kuwasha imekuwa kitufe cha kubonyeza. Kwenye matoleo mawili yaliyozinduliwa siku ile, gia za manyuo hakuna. Viti vya nyuma huwekewi mpaka uviombe. Halafu GTS imekuwa haibridi, yaani mafuta na umeme pamoja, ya kwanza kwa 911 ya barabarani: injini ya lita 3.6, tabochaja moja (ile pampu ya kusukumia injini hewa) yenye mota yake ya umeme, na mota nyingine iliyofichwa ndani ya giaboksi. Jumla nguvu farasi 541.

Hapa kwetu neno haibridi lina historia yake. Mtu akikuambia ananunua gari la haibridi, swali la kwanza ni "betri ikifa?", na la pili huwa ni lile lile kwa sauti ya juu zaidi. Betri ya GTS ina kilowati-saa 1.9 tu na huichomeki popote. Gari lenyewe ndilo linaichaji. Kazi yake si kubana mafuta. Ipo ili ukikanyaga, tabochaja isikuambie subiri. Wapenzi wa gari hili walikuwa wamejiandaa kuichukia, wakasoma kwamba imezunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 16.9, karibu sekunde tisa chini ya ile iliyotangulia, wakanyamaza. Nami nikanyamaza nao.

Kwa hiyo hasira yote ikahamia kwenye mshale.

Na mshale ule, niwe mkweli, unastahili kuliliwa. Kwenye magari mengi geji kubwa ni ya spidi, kwa sababu mtu mwenye akili timamu anataka kujua kama tochi ya trafiki itamkamata. Kwenye 911 geji kubwa ya katikati ilikuwa ya mizunguko ya injini, na spidi ikasogezwa pembeni. Waliolitengeneza walikuwa wanamwambia dereva: sikiliza injini kwanza, barabara utaiona mwenyewe. Zaidi ya nusu karne walishikilia msimamo huo. Kizazi hiki kilipotoka 2018 pembeni kote kulikuwa kumejaa vioo, lakini pale katikati waliacha mshale wa kweli, unaozunguka kwa mota yake ndogo, wenye kivuli chake. Wa mwisho.

Sasa kuna kioo kimoja kilichopinda, cha inchi 12.6. Ukitaka unakiamuru kikuchoree saa tano za duara kama za zamani.

Kikuchoree. Neno hilo ndilo lililokuwa linaniuma.

## Tangu lini?

Siku ile nilitoka Ilazo nikaenda hadi nyumbani Kisasa nikiutazama mshale wangu mwenyewe. Nilikanyaga, gari likakimbia, mshale haukunyanyuka. Nikapunguza, nikasimama kwenye taa. Sifuri.

Kilichoniudhi hakikuwa kuharibika. Vitu huharibika. Kilichoniudhi ni kwamba sikujua umeharibika lini.

Nilijaribu kukumbuka. Nilipokwenda Singida kwenye msiba mwezi wa tano, ulikuwa unafanya kazi? Nilipokwenda Kibaigwa kununua mahindi? Sikuwa na kumbukumbu hata moja. Nilikumbuka bei ya gunia. Nilikumbuka trafiki aliyenisimamisha karibu na Mbande akanitakia safari njema. Mshale, hapana.

Baada ya Nane Nane nikalipeleka gereji. Fundi alilala chini ya usukani na tochi mdomoni, akachomoa plastiki mbili, akatoka na jibu. Waya ulikuwa umebanwa ukakatika nyuma ya dashibodi, pale pale ambapo jamaa aliyenifungia redio alipitisha nyaya zake.

Redio niliifunga mwezi wa tatu.

Hesabu mwenyewe. Miezi mitano kasoro. Mtu aliyesimama mbele ya vijana akatangaza kwamba gari limeuawa kwa kung'olewa mshale, ameendesha miezi mitano bila mshale na hakuona tofauti yoyote.

"Si unaendesha oto, bosi," fundi akanifariji. "Wa nini sasa? Tuuache tu?"

Alikuwa ananitakia mema, maana kuung'oa ubao mzima wa dashibodi ni kazi ya nusu siku. Nilimwambia autengeneze. Nililipa elfu ishirini na tano, na nikiwa natoa hela nilihisi kwamba nalipa faini.

## Banda la Majengo

Hapa ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo sikulipenda. Mapenzi haya yalitoka wapi?

Sikukulia kwenye nyumba yenye gari. Baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix, na ilikuwa inatosha. Dodoma ya utoto wangu magari niliyoyaona yalikuwa ya serikali, ya wamisheni na malori ya kwenda Kondoa. Porsche niliijua Majengo, kwenye banda la gemu, mabati pande tatu na pazia la kanga mlangoni. Televisheni yenye kisogo kirefu, mashine moja, kontrola mbili ambazo moja kitufe chake cha kukata kona kilikuwa kimekufa. Ukichelewa kufika unapewa hiyo. Unalipa mia mbili, unacheza mpaka mwenye banda akuguse bega.

Mle ndani nilikuwa na 911 nyekundu. Nilijua sauti yake, nilijua inavyotupa matako nje ukiingia kwenye kona kwa pupa kwa sababu uzito wa injini uko nyuma kabisa. Kwenye pembe ya chini ya kioo kulikuwa na saa ya duara yenye mshale mwekundu. Nilijifunza kubadilisha gia kwa kuutazama mshale ule. Ukigusa eneo jekundu, bonyeza. Niliota ule mshale usiku.

Nilikuwa natembea kutoka gereji kwenda kutafuta chai nilipolitambua hili, na nilisimama pale pale barabarani hadi bodaboda akanipigia honi.

Mshale ninaoulilia haukuwahi kuwa mshale. Ulikuwa mchoro kwenye televisheni.

Yaani Porsche wa 2024 wamefanya hasa kile walichonifanyia Majengo: wamechukua geji ya duara wakaichora kwenye kioo. Mtu wa Stuttgart, kwao na Porsche, aliyekaa mbele ya mshale wa kweli miaka thelathini ana haki ya kuona amepunjwa. Mimi nimerudishiwa cha kwangu nikakikataa.

Sikulala vizuri siku ile.

## Mayai na tako la nyani

Nilifikiri labda hasira yenyewe ni ya kuazima. Wapenzi wa gari hili wana desturi ya kukasirika, na sisi wa mbali tunaipokea desturi pamoja na picha.

Iliyokuwa kubwa kuliko zote ni ya 1997. Mwaka ule kilitoka kizazi wanachokiita 996. Kwa mara ya kwanza injini ya 911 ilipozwa kwa maji badala ya upepo, na taa za duara ambazo dunia nzima ilizijua zikapotea. Zikaja taa zenye umbo la tone lililomwagika, indiketa ya rangi ya chungwa ikiwa chini yake, na mbaya zaidi zilikuwa ni zile zile za Boxster, gari lao la bei nafuu. Watu wakaziita mayai ya kukaanga. Jina likaganda hadi leo. Mwaka 2004 kizazi kilichofuata kilikuja na taa za duara tena, na wakubwa wa kiwanda hawakuhitaji kueleza kwa nini.

Lakini kuna sehemu ya hadithi ile ambayo wenye hasira huiruka, nami nimeipenda kwa sababu inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Porsche ilikuwa inakufa. Mkuu wake mpya, Wendelin Wiedeking, akawaita wataalamu wa Kijapani waliojifunzia kazi Toyota waje kiwandani. Wajapani wakakuta rafu ndefu zimejaa spea, mafundi wanapanda ngazi kutafuta nati. Wiedeking akachukua msumeno wa umeme akazikata rafu zile juu, mbele ya wafanyakazi wake, ili pasiwe na mahali pa kurundika. Boxster na 996 kuchangia taa, milango na sura nzima ya mbele kulitokana na akili hiyo hiyo ya kubana matumizi. Gari la mayai ya kukaanga liliuzwa zaidi ya magari 170,000, na kampuni ikapona.

Kwa hiyo mtu anayeendesha Toyota IST yake pale Area D ana undugu wa mbali na 911. Simwambii, atapandisha bei ya kuiuza.

Na majina ya kejeli, sisi ni mabingwa. Harrier ya kizazi cha pili tuliitazama taa zake za nyuma tukaiita tako la nyani. Mtengenezaji angesikia angezimia. Sasa nenda kaulizie bei. Watu waliandika "Harrier tako la nyani, namba D, haijawahi kurudiwa rangi" kwenye matangazo ya kuuza, kwa fahari, kana kwamba ndilo jina lililopigwa muhuri Japani. Iliyofuata ikaitwa Anaconda. Jina la matusi likikaa muda wa kutosha linageuka kuwa jina la nyumbani.

Tofauti ni muda. Wao wanalitukana gari siku linapozinduliwa. Sisi tunalipokea likiwa na miaka kumi, limeshatembea kilometa laki moja kwenye barabara za watu wengine, hasira zote za uzinduzi zimekwisha, na swali limebaki moja: spea zipo?

Sisi ni mahakama ya rufaa. Kesi inatufikia mashahidi wakiwa wameshasahau walichokuwa wanagombania.

## Uso wa kununua

Kwenye gereji ile ile, siku nimekwenda kuchukua gari langu, kulikuwa na Land Cruiser V8 imevuliwa uso. Bampa chini, taa chini, shoo chini, boneti imeegemezwa ukutani. Pembeni kulikuwa na maboksi mapya. Mwenye gari, bwana mmoja wa makamo mwenye kanzu, alikuwa anasimamia kazi kwa macho yote mawili.

"Ni ya mwaka gani?" nikauliza.

"Ya 2009," akasema. "Kesho itakuwa ya 2016."

Hakuwa anatania. Mnajua jambo hili, liko kila mji: unanunua taa na bampa za modeli mpya, fundi anazifunga kwenye mwili wa zamani, na gari linavuka miaka saba kwa siku mbili. Ukilikuta barabarani hulitambui mpaka usome namba.

Nilipomtazama nikakumbuka watu wa California. Kuna kampuni inaitwa Singer, ilianzishwa 2009. Mteja anawapelekea 911 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanaivua hadi mifupa, wanaijenga upya kwa kiwango cha kutisha, na wakimaliza sura yake imerudi nyuma, inafanana na ya miaka ya 1960 na 1970. Mteja analipa fedha ya kujenga ghorofa, ili gari lake lionekane la zamani kuliko lilivyo.

Na huku bwana wa kanzu analipa ili la kwake lionekane jipya kuliko lilivyo.

Kwa siku kadhaa nilidhani nimepata nadharia: kwamba aliyeshiba upya ndiye anayelilia ukale. Niliipenda hadi nilipoiangalia vizuri, kwa sababu mimi sijashiba kitu na nilikuwa nalilia pamoja nao. Bwana wa kanzu pia aliniharibia nadharia. Nilimuuliza kwa nini asiuze tu anunue ya 2016 yenyewe.

"Hii ilimbeba mama yangu hospitali mara nne," akasema. "Siiuzi. Ila nimechoka kuulizwa na mashemeji lini nitanunua gari jipya."

Basi alitaka uso mpya kwa ajili ya mashemeji, na mwili wa zamani kwa ajili yake. Sijui hilo linaingia kwenye nadharia gani.

## Mzee

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nilirudi Ilazo Jumamosi, kwa makusudi. Mzee alikuwepo, kikombe mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia swali lake limenikosesha usingizi wiki sita, kwamba nimelitafakari, kwamba nadhani nimeelewa alichotaka kunifundisha kuhusu mtu kulilia cha mbali wakati cha kwake kimelala.

Akanitazama kama mtu anayetazamwa na mbuzi.

"Mimi sikutaka kukufundisha kitu," akasema. "Siku ile ulipokuwa unasogeza gari lioshwe nilipita dirishani, nikaona injini inaunguruma na mshale umelala. Nikauliza kama unajua."

Wiki sita!

Vijana walicheka hadi mmoja akaangusha ndoo. Nami nikacheka, ungefanya nini.

Halafu Mzee akaomba simu. "Hebu nionyeshe tena hilo gari lako la kioo." Akaliangalia muda mrefu. Akalivuta kwa vidole viwili mpaka akafika kwenye mgongo, pale paa linapoteremka bila kuvunjika hadi kwenye bampa.

"Mgongo huu naujua," akasema.

Mzee kwao ni Tanga, chini ya milima ya Usambara. Mwaka 1972 alikuwa na miaka kumi na minne. Ule ndio mwaka ambao mbio za magari za East African Safari zilianzia Dar es Salaam, wakati wa Pasaka, masika ikiwa imepamba moto, na shule zilikuwa zimefungwa. Vijana wa kijijini walijua sehemu ambayo lazima magari yatanasa. Walikaa pale tangu alfajiri na mihogo yao ya kuchoma.

"Likaja moja, dogo, limeinama mbele. Likanasa. Tukaingia kwenye matope kulisukuma, kumi na wawili hivi. Sasa sisi tulizoea lori: joto liko mbele. Hili joto lilikuwa nyuma, usoni kwetu. Kaka yangu aliungua paja kwenye ekzosi, kovu analo mpaka leo. Na mlio, mwanangu... kama mashine ya kusaga iliyochokozwa."

Nywele zilinisimama. Mwaka ule Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili na 911, nyuma ya Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort. Porsche walirudi tena na tena. Björn Waldegård akawa wa pili 1974, Vic Preston Mdogo wa Kenya akawa wa pili 1978. Kushinda ile Safari ya wakati huo hawakuwahi. Tope letu ni miongoni mwa vitu vichache vilivyowashinda, na karibu miaka hamsini baadaye, walipotengeneza 911 ya kupita jangwani wakaiita Dakar, walitoa mapambo ya kuibandika yenye kukumbusha magari yale ya Safari. Nilikuwa nimeyaona mapambo hayo kwenye picha. Sikuwahi kufikiri kwamba nakaa benchi moja na mtu aliyelisukuma gari lenyewe.

Nikatafuta picha haraka. Nikamwekea tatu: 911 ya wakati ule, Volkswagen ya kobe, na Datsun 240Z, kwa sababu nilitaka awe shahidi wa haki.

Datsun aliitupa mara moja. "Hii injini yake mbele."

Zikabaki mbili. Akapeleka kidole kwenye 911. Akakitoa. Akakipeleka kwenye Volkswagen. Akakirudisha katikati, pasipo na gari.

"Rangi ilikuwa gani, Mzee?" nikamsihi. Nilitaka sana aseme.

"Lilikuwa na matope, mwanangu. Siku ile yote yalikuwa rangi moja."

Akanirudishia simu. Sikuuliza tena. Kwangu mimi ile ilikuwa 911, na ninajua kabisa kwamba sina ushahidi.

## Jina

Gari langu sasa mshale unafanya kazi. Kwenye silensa unasimama mia saba na kidogo. Nimeutazama kila asubuhi kwa wiki nzima, na sijui niufanyie nini huo ujuzi. Oto inabadilisha gia yenyewe. Juzi nikiwa natokea Ihumwa niligundua nimefika viwanja vya Nane Nane bila kuutazama hata mara moja.

Siku ile pale Ilazo, Mzee alipoondoka, yule kijana niliyemwambia hawezi kuelewa alirudi, safari hii kakausha mikono.

"Kaka, hebu ile sura ya mbele. Ile yenye vile vibao."

Nikampa simu. Wakajazana wanne.

"Bei?"

"Hii ya vibao, kwao Ujerumani inaanzia zaidi ya yuro laki moja na sabini elfu. Bila ushuru wa hapa."

Kimya cha heshima kikapita. Kisha wakaanza kazi ya maana. Mmoja akasema vibao vile ni shata, iitwe Mlango wa Duka. Mwingine akasema hapana, ni jiko la mishikaki lililosimamishwa wima. Walibishana wakihesabu vibao kwa kidole, vitano huku, vitano huku.

"Mashavu ya kambale," akasema yule kijana. "Angalieni. Anavyopumua akitolewa majini. Inafungua, inafunga."

Wakaangalia. Hakuna aliyebisha.

"Mnalipatia jina gari ambalo halijafika," nikawaambia.

"Litafika tu, kaka," akasema, akanirudishia simu na kuchukua ndoo. "Kambale likifika Dodoma naliosha mimi. Nyie wote mashahidi."